Mhadhiri Naye Anahitaji Mali Kauli

Neno "machinga" tunalitumia kila siku bila kujiuliza limetoka wapi. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba limetokana na Wamachinga, watu wa mkoa wa Lindi, kwa kuwa vijana wa Lindi na Mtwara walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonekana Dar es Salaam wakitembeza bidhaa mkononi. Mimi kwetu ni Mchinga, pwani ya kaskazini mwa mji wa Lindi, kwa hiyo utani wa hapa chuoni nimeshauzoea. Ukisema kwetu Mchinga, mtu anakuuliza unauza nini.

Basi leo nauza wazo. Machinga ana kitu ambacho mhadhiri wako mwenye PhD hana, nacho ni wenzake. Mhadhiri akitaka kuutoa utafiti wake kabatini uwe bidhaa au huduma, mara nyingi anaanza peke yake na kuishia peke yake. Tunapenda kusema tatizo ni fedha. Fedha ni tatizo, sikatai. Lakini hoja ya makala hii ni kwamba hata fedha zikipatikana, ubunifu wa mtu mmoja hufa siku mtu huyo anapohama, anapougua au anapokwenda masomoni. Kinachouweka hai ni wenzake wa rika lake, na sisi wanafunzi tuna sehemu yetu katika hilo.

Tuelewane maneno kwanza

Ubunifu ni kutengeneza kitu kipya au kuboresha cha zamani hadi kikatumika. Wazo lililobaki kwenye daftari bado halijawa ubunifu. Ujasiriamali ni kazi ya kukifikisha kitu hicho kwa watu kwa namna inayojilipa, ili kisife ruzuku inapokwisha. Usaidizi wa rika ni msaada unaotoka kwa mtu mnayelingana naye, anayepita njia ileile, asiyekusimamia wala kukupa alama.

Maana hiyo ya tatu ndiyo tunayoichanganya. Semina ya siku mbili hotelini yenye posho na cheti ni mafunzo. Barua ya mkuu wa idara inayohimiza ubunifu ni maelekezo. Vyote vina nafasi yake, ila hakuna kati ya hivyo kinachofanya kazi ya mwenzako anayekupigia simu Alhamisi jioni kukuuliza, "Ile ya TBS umefikia wapi?"

Machinga anapata nini kwa wenzake

Ukimwangalia kwa makini kijana anayeanza biashara Kariakoo, utaona anapewa vitu vitatu.

Cha kwanza ni mali kauli. Anachukua mzigo kwa mwenye duka au kwa machinga mwenzake aliyetangulia, bila kutoa hata senti, kwa ahadi ya mdomo kwamba akiuza atalipa. Dhamana yake ni kujulikana. Kuna mtu amesema, "Huyu namjua."

Cha pili ni habari: bei ya leo, bidhaa inayotoka, kona waliyopo mgambo, duka la jumla lenye nafuu. Habari hizi hazijaandikwa popote. Zinapita mdomo kwa mdomo, na asiye na wenzake hazimfikii.

Cha tatu ni kushikiwa meza. Akienda kula, kuswali au kufuata mzigo, wa jirani anamuuzia. Biashara haifungwi kwa sababu mwenyewe hayupo.

Sasa mgeukie mhadhiri. Mali kauli yake ingekuwa maabara ya idara nyingine, mashine ya kukaushia ya fundi wa karakana, au jina la mwenzake anayeaminika kwenye andiko la mradi. Habari yake ingekuwa kujua kwamba hataza huombwa BRELA kwa upande wa Tanzania Bara, kwamba tangu mwaka 2019 vyakula na vipodozi vinasimamiwa na TBS huku iliyokuwa TFDA ikigeuka TMDA ya dawa na vifaa tiba, na kwamba ukikimbilia kuchapisha kila kitu kabla ya kuomba hataza unaweza kuipoteza haki yenyewe. Na kushikiwa meza kwake kungekuwa mwenzake anayefundisha kipindi chake siku amekwenda kuonana na mnunuzi, au anayeendeleza mradi akiwa safarini. Ni wahadhiri wangapi wana vyote vitatu? Waulize wa idara yako.

Mwani: mfano tulio nao mlangoni

Pwani yetu ina mfano mzuri wa utafiti wa chuo kikuu uliogeuka maisha ya watu, nao ni kilimo cha mwani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuutafiti mwani miaka ya 1970, wakati wengi waliuona kama majani tu ya baharini yanayonasa kwenye nyavu. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, halafu kikavuka kuja pwani ya bara. Leo wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, utawaona kina mama wameinama kwenye mashamba ya kamba na vigingi, wakifunga mbegu na kuvuna. Wiki sita hivi, mwani unakuwa tayari. Ukikaushwa na kuuzwa, viwandani hutolewa karajenani, kitu kinachozipa uzito dawa za meno na vyakula vingi vya dukani.

Ila mwanzo huo uliacha pengo. Mkulima aliuza mwani mkavu kwa mnunuzi aliyempa kamba, kwa bei ya mnunuzi. Tena aina yenye bei nzuri, ambayo wakulima wanaiita kotonii, ilianza kufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto, ikabaki spinosamu yenye bei ya chini.

Hapo ndipo anapoingia Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na iko Zanzibar. Angeweza kuendelea kuandika makala za kitaaluma peke yake, na zingehesabika. Badala yake, mwaka 2006 akaanzisha kongano la mwani la Zanzibar, yaani kundi linalowaweka pamoja wakulima, watafiti, wafanyabiashara na watu wa serikali. Kina mama wakaanza kusaga mwani kuwa unga na kutengeneza sabuni. Zikajaribiwa pia nyavu zilizoshonwa kama mrija, ili kotonii ilimwe kwenye maji ya kina kirefu yenye ubaridi bila mbegu kung'oka.

Kwetu hapa, somo la mwani lenyewe si kubwa kama somo la umbo la kazi. Mtafiti hakubaki yeye kama nguzo moja. Akikwama kwenye soko, kuna mfanyabiashara. Akikwama kwenye mazoea ya bahari, kuna mama aliyekaa majini miaka ishirini. Mkulima naye ni mwenzake katika kazi hiyo, si "mhojiwa namba 14".

Sabuni iliyounguza mikono

Kinyume cha hapo nimekiona kwetu. Mhadhiri mmoja, ambaye simtaji yeye wala chuo chake, alikuja na nia njema kabisa. Aliwafundisha kikundi cha kina mama, mama yangu mdogo akiwemo, kutengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi. Vipimo aliviandika kwenye daftari lake, wao akawaachia vikopo: kopo hili la mafuta, kopo hili la kostiki, kiasi hiki cha unga wa mwani. Sabuni ikatoka safi. Ikauzwa barabarani kwa abiria wa mabasi ya Dar.

Kisha mhadhiri akaenda masomoni nje. Mafuta ya nazi yakapanda bei, kikundi kikahamia mawese kwa vikopo vilevile. Sabuni ikaanza kuunguza mikono.

Waliosoma kemia wameshaelewa. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hula takriban gramu 183 za kostiki, wakati kilo 1 ya mawese hula takriban gramu 141 tu. Ukitumia kipimo cha nazi kwenye mawese, gramu arobaini na kitu za kostiki zinabaki kwenye sabuni bila kazi, na kazi yake inakuwa ni kula ngozi. Jibu lake ni la dakika tano kwenye simu, na mwanakemia yeyote wa chuo chake angelitoa.

Kina mama walipiga simu idarani. Wakajibiwa wamsubiri mwenyewe. Hakuna aliyekataa kwa ubaya. Ni kwamba hakuna mwingine aliyejua mradi ule upo, wala daftari liko wapi. Kikundi kikaacha. Wateja walioungua hawakurudi, na deni la kostiki likabaki kwa kina mama. Nilipomuuliza mama mdogo, hakumlaumu. Alisema, "Yule mwalimu mtu mzuri sana, mwanangu. Ila alikuwa peke yake."

Kikundi hichohicho kina sanduku la kuweka na kukopeshana. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ili hata mmoja akisafiri kuwe na utaratibu, na asiwepo hata mmoja wa kulifungua peke yake. Kina mama ambao hawakumaliza darasa la saba walishajua kwamba kitu cha thamani hakiachwi kwa mtu mmoja. Mradi wa chuo kikuu ulikuwa na ufunguo mmoja, nao ulipanda ndege.

Kwa nini mhadhiri anabaki peke yake

Tusimwonee. Sababu ziko wazi.

Moja, kupanda cheo kunategemea sana machapisho. Mwezi mmoja wa kuhangaikia nembo ya ubora ya TBS ni mwezi ambao makala haikuandikwa. Mwenzake aliyekaa ofisini ataitwa profesa kabla yake.

Mbili, muda. Madarasa yamejaa, karatasi za mtihani ni lundo, na kila mmoja ana wanafunzi wa kuwasimamia. Mtu aliyechoka haendi kuomba rafiki.

Tatu, hofu ya kuibiwa wazo. Hii inasemwa kwa sauti ya chini, lakini ipo. Kwa hiyo kila mtu anafunga mlango wake, na matokeo yake watu wawili wa vitivo viwili wanahangaika na tatizo moja bila kujuana.

Nne, aibu. Profesa akikutwa anauza kitu, wapo wanaonong'ona, "Mshahara haumtoshi?" Na akishindwa wanacheka. Kwa hiyo anaficha hadi mambo yanyooke, na yasiponyooka hakuna aliyejua kwamba alihitaji msaada.

Wengine walifanyaje

Marekani, mfuko wa serikali wa sayansi uitwao NSF ulianzisha mwaka 2011 programu ya I-Corps. Timu ina watu watatu: mtafiti, mshauri mwenye uzoefu wa biashara, na kiongozi wa biashara ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, au mtafiti kijana. Ndani ya wiki saba timu inatakiwa izungumze na watu wasiopungua 100 wanaoweza kuwa wateja, na timu hukutana mara kwa mara kuelezana walichojifunza. Yaani kila mmoja anasikia wenzake wanavyokwama, na anatoka akijua kwamba kukwama si ujinga wake.

Hapa kwetu, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio lake la maji. Ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, na zawadi ilikuwa pauni 25,000. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu pauni. Lakini utaratibu wa tuzo ile ni kwamba wanaoingia kwenye orodha fupi hupewa mafunzo na ulezi wa miezi kadhaa kabla ya mshindi kutajwa, wakiwa pamoja na wabunifu wengine. Hata asiyeshinda anaondoka na wenzake.

Na Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna SUGECO, ushirika wa wahitimu wajasiriamali ulioanza mwaka 2011. Zingatia umbo walilolichagua. Hawakusubiri kila mhitimu atoke na andiko lake kwenda benki. Walijiweka pamoja kwanza.

Duara la watu saba

Basi tufanyeje? Pendekezo langu halihitaji jengo wala bajeti mpya. Linahitaji duara la wahadhiri watano hadi saba, na masharti machache.

Watoke idara tofauti. Mwanakemia, mtu wa sheria, mtu wa biashara, mhandisi, mtu wa kilimo. Fundi wa maabara awemo pia, maana ndiye anayejua mashine gani inafanya kazi na ipi ni pambo.

Wakutane kila wiki mbili, saa moja tu, bila posho. Posho ikiingia, watakuja wanaotaka posho.

Kila kikao mmoja ana zamu, kama upatu. Anakuja na kikwazo kimoja tu, si historia ya mradi mzima. Wengine hawamhubirii. Kila mmoja anatoa kitu: jina la mtu wa kuonana naye, saa mbili za mashine, kusoma andiko lake, kumshikia kipindi. Kikao kijacho kinaanza kwa kuulizana nani ametimiza ahadi yake.

Kila mradi uwe na funguo tatu, yaani watu watatu wanaojua vipimo, wanunuzi na mahali nyaraka zilipo, na simu zao zipo mikononi mwa wanakijiji.

Na hofu ya wizi itibiwe kwa maandishi. Siku ya kwanza wasaini kwamba yanayosemwa ndani yanabaki ndani, waandike nani alileta nini na tarehe gani, na waulize chuo kina sera gani ya miliki bunifu. Daftari lenye tarehe linakulinda zaidi kuliko mlango uliofungwa.

Najua kuna pingamizi. Wapo wanafunzi watakaosema, "Sisi tumelipa ada tufundishwe, prof akianza biashara vipindi vitakufa." Ni kweli wapo wanaotoroka vipindi. Lakini wanatoroka kwa sababu hawana wa kuwashikia meza. Duara likifanya kazi, kipindi kina mtu, na mwenye mradi anarudi darasani na mfano wa kweli badala ya desa la miaka kumi iliyopita.

Na sisi je?

Ukidhani haya ni mambo ya wakubwa, hesabu upya. Utafiti wako wa mwaka wa mwisho unasimamiwa na mtu huyohuyo aliye peke yake. Ndiyo maana unajalidiwa vizuri, unakabidhiwa, unawekwa rafuni na kusahauliwa. Msimamizi mwenye duara angeweza kukuambia, "Hii ipeleke kwa fulani wa uhandisi, anatafuta kitu kama hiki." Kuna pia MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, na yana nafasi kwa watu wa vyuo. Mwanafunzi na mhadhiri wakijiandaa pamoja, kila mmoja anamwinua mwenzake.

Tunaweza kufanya mambo matatu muhula huu. Serikali ya wanafunzi ipeleke ombi rasmi kwa uongozi wa chuo kwamba kazi ya ubunifu, na pia kumsaidia mwenzako mbunifu, vihesabiwe kwenye kupanda cheo. Kila klabu ya kitaaluma ijitolee kuwa karani wa duara moja: kuandika kumbukumbu, kutunza vipimo, kupiga simu vijijini. Huo ni ufunguo wa tatu, na tunaweza kuushika sisi. Na kila anayekwenda mafunzo kwa vitendo arudi na orodha ya miradi ya chuo aliyoikuta imekufa, pamoja na jina la kijiji na sababu.

Lindi nayo inabadilika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi huko kupitia mradi wa HEET, na eneo la Likong'o, jirani na kwetu, ndilo lililotengwa kwa kiwanda cha kusindika gesi asilia. Wahadhiri watakuja, tafiti zitafanyika, na kina mama wataombwa tena muda wao na mwani wao. Wakija mmojammoja, kila mtu na daftari lake, tutarudia ya sabuni. Wakija kama watu wanaojuana, akiondoka mmoja simu itapokelewa na mwingine.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Mtaje mhadhiri mmoja wa idara yako mwenye wazo linaloweza kuwa bidhaa. Kati ya mali kauli, habari na kushikiwa meza, anakosa kipi zaidi?

2. Kikundi cha sabuni kina lita 20 za mawese, sawa na kilo 18 hivi. Kwa takwimu zilizotajwa hapo juu, kinahitaji kostiki kiasi gani, na kingezidisha kiasi gani kwa kipimo cha nazi? Nani wa chuoni kwako angepokea simu hiyo leo?

3. Je, mkulima au fundi asiye na shahada anaweza kuwa "rika" wa profesa kwenye mradi? Toeni sababu.